Mjini Kati ni Salama Saa Ngapi?

Hotuba kwa wapangaji, wenye nyumba na wafanyabiashara wa katikati ya jiji la Arusha. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wenye nyumba, wapangaji, mama zetu wa vibandani, vijana wa ulinzi shirikishi, na ninyi bodaboda mliopaki hapo nje mkaingia kusikiliza: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Kila anayetafuta chumba mjini humuuliza dalali swali lilelile: "Hapa pana usalama?" Dalali naye hujibu lilelile: "Hapa pako poa, dada, wala usiwe na wasiwasi." Anajibu saa tano asubuhi. Jua linawaka, maduka yamefunguliwa, mlinzi wa benki yuko hatua kumi kutoka mlangoni. Kwa saa hiyo anasema kweli. Lakini nani kati yenu anapanga chumba cha saa tano asubuhi? Kodi mnalipa ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, usiku na mchana. Basi swali la kumuuliza dalali, na la kujiuliza wenyewe kila siku, ni hili: hapa ni salama saa ngapi?

Nianze na barabara zetu. Boma na Goliondoi mnazijua. Ofisi, benki, kampuni za utalii, lami nzuri, miti ya kivuli. Mgeni akiambiwa achague kati ya Goliondoi na vichochoro vya nyuma ya stendi, atachagua Goliondoi bila kufikiri. Mchana yuko sahihi. Ikifika saa kumi na moja jioni ofisi zinafungwa, na saa moja usiku mtaa mzima hauna mlango hata mmoja ulio wazi. Wakati huohuo kule stendi na Soko Kuu kuna mama anakaanga chipsi, kuna wakala wa pesa, kuna kijana anauza karanga, kuna watu wanabishana kuhusu mpira. Kuna makelele, ndiyo. Kuna vibaka pia, sikatai. Ila ukipiga kelele pale, watu ishirini watageuka. Ukipiga kelele Goliondoi saa mbili usiku, nani atageuka? Mlinzi wa getini, akiwa macho, na ikiwa bosi wake anamruhusu kuacha lindo.

Hapa Arusha jua linazama kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni, mwaka mzima, na giza haliji polepole kama nchi za mbali na ikweta. Nusu saa tu, tayari ni usiku. Saa hiyo ya kati ndiyo mbaya: maduka yanashusha milango, kila mtu anakimbilia hiace, macho yako kwenye foleni na mkono mmoja uko kwenye simu. Tangu machinga walipopangwa upya mwaka 2021 wakaondolewa kando ya barabara, njia nyingi za katikati zimekuwa pana na safi. Ni jambo jema. Lakini tukubali kwamba pamoja na meza zao yaliondoka macho yao, na taa zao ndogo za betri zilizokuwa zinawaka mpaka saa tatu usiku. Pengo hilo bado hatujaliziba.

Saa nyingine mbaya ni alfajiri. Wasafiri wa mabasi ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili wanatoka nyumbani gizani, na begi la msafiri linatangaza lenyewe kwamba ndani kuna nauli, nguo na pengine laptopu. Usitembee. Ongea na bodaboda unayemjua jana yake jioni, mkubaliane bei, akufuate mpaka mlangoni.

Tuseme yupo binti anafanya kazi mapokezi hotelini karibu na Mnara wa Saa, anatoka zamu saa tatu usiku, na amepanga Levolosi. Ana njia mbili. Moja inakata katikati ya ofisi na kupita karibu na mto, dakika kumi. Nyingine inashuka Sokoine hadi upande wa stendi kisha inapanda. Dakika kumi na nane. Ndugu zake wanamwambia apite ile ya kwanza kwa sababu "kule stendi kuna wahuni". Mimi nasema apite ile ya pili, maadamu vibanda viko wazi. Vikifungwa, asitembee yoyote kati ya hizo mbili. Apande bodaboda wa kijiwe kinachojulikana. Na sisi wanaume tuliomo humu tusimwite mwoga. Mwanamke anayezunguka mbali ili akwepe kichochoro cha kando ya Mto Naura amekagua mtaa huu kuliko afisa yeyote.

Kwa hiyo, kabla hujampa dalali mwezi wake, nenda ukakione kile chumba mara nne. Saa moja usiku. Saa nne usiku. Saa kumi na moja alfajiri. Na Jumapili mchana, maana Jumapili mjini kati hufanana na usiku: maduka mengi yamefungwa, barabara nyeupe. Kila mara hesabu taa zinazowaka kati ya kituo cha hiace na mlango wako, na uangalie ni taa ya nani. Taa ya duka inazimwa duka likifungwa. Taa ya barabarani inabaki, isipokuwa umeme umekatika. Hesabu milango iliyo wazi. Angalia mtaro: una mfuniko? Wakati wa masika mtaro ulio wazi hujaa maji ya tope usawa wa barabara, na ukiwa huoni, mguu unavunjika bila msaada wa mwizi yeyote.

Ndugu zangu, wapo wanaosema mji huu si salama kwa sababu ya mwaka 2013. Wanakumbuka bomu la kanisani Olasiti, Mei 5, na lile la mkutano wa uwanja wa Soweto, Juni 15. Watu walikufa, na familia zao bado ni majirani zetu. Huzuni hiyo tuiheshimu. Lakini haiwezi kukuambia upite njia gani leo usiku, wala ufunge mlango wako vipi. Na mlango ndio ninaoutaka sasa.

Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Nyumba nyingi za katikati yetu ni za zamani. Duka chini, vyumba juu, au vyumba vimepangana uani, paa moja la bati limefunika vyote. Ingia chumbani kwako leo, panda juu ya kiti, sukuma ubao mmoja wa dari. Ukuta kati yako na jirani unaendelea mpaka kwenye bati, au unaishia darini? Ukiishia darini, basi mwizi hahitaji mlango wako. Anaingia chumba kitupu cha mwisho, anapanda, anatembea juu ya mbao za kenchi, anashukia kwako. Tofali za kumalizia ukuta ule ni kazi ya siku moja ya fundi, na ni gharama ya mwenye nyumba. Iingie kwenye mazungumzo kabla hujasaini mkataba, si baada ya kuibiwa.

Mlangoni, badilisha kitasa siku unayohamia. Mpangaji aliyetoka ana funguo, mdogo wake ana funguo, dalali pengine naye anao. Kisha angalia kile kibati cha kwenye fremu ambamo ulimi wa kitasa unaingia. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu fupi za nusu inchi ndani ya mbao laini; teke moja linakitoa. Weka skrubu za inchi 3 zipite fremu mpaka ukutani. Mlango ukifungukia nje, bawaba ziko nje pia, na pini yake inang'olewa kwa nyundo na msumari. Mwambie fundi achomelee kichwa cha pini. Kazi ya dakika tano.

Dirishani kuna wizi wa fimbo. Kijana anapitisha fimbo ndefu yenye ndoano kati ya nondo, anavuta suruali iliyotundikwa, anavuta mkoba, anavuta simu inayochaji juu ya stuli. Wewe umelala. Nondo hazimzuii. Kinachomzuia ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, na kuweka vitu mbali, mita 2 au zaidi kutoka dirishani.

Na sasa nondo zenyewe. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapojiua wenyewe kwa kuogopa wezi.

Tuseme kuna familia ya watu watano ghorofa ya kwanza. Chini ni duka la magodoro. Madirisha yote yana grili zilizochomelewa moja kwa moja ukutani. Ngazi ni moja, inapita kando ya stoo ya duka, na chini kabisa kuna geti la chuma lenye kufuli kubwa. Mlinzi ndiye mwenye ufunguo. Saa nane usiku ekstensheni moja iliyobebeshwa friji, pasi na chaja sita inayeyuka dukani. Godoro la sponji halichukui muda. Linatoa moshi mweusi mzito unaopanda ngazi kama bomba la jiko. Mlinzi yuko wapi? Ameenda kuota moto na wenzake kona ya pili, ni Julai, baridi imeuma. Niambieni, familia ile inatokea wapi? Kwa mwizi wako salama kabisa. Kwa moto wamefungiwa.

Masoko tumeyaona yakiungua. Samunge hapa kwetu, mwaka 2020. Kariakoo, Julai 10, 2021. Lakini sokoni usiku hakuna wengi wanaolala mle. Sisi tunalala ndani ya majengo yetu.

Basi fanyeni hivi. Katika kila chumba, grili ya dirisha moja ikatwe na kuwekewa bawaba, ifunguke, ifungwe kwa kufuli upande wa ndani. Ufunguo wake utundikwe kwenye msumari ambao mkono wako unaufikia ukiwa umepiga magoti gizani, lakini fimbo ya mwizi haiufikii kutoka dirishani. Ukutani karibu na kichwa cha kitanda panafaa. Watoto waifungue grili hiyo mara kwa mara mpaka wazoee, macho yakiwa yamefumbwa. Geti la chini: kila chumba kiwe na ufunguo wake. Mwenye nyumba akisema funguo nyingi zitaleta wezi, mwambieni aweke kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo, na akizibe kwa bati ili mkono wa nje usikifikie. Ngazi na korido ziwe tupu. Ile pikipiki mnayoilaza chini ya ngazi ina tangi la petroli.

Moshi unaua kabla ya moto. Ukiamka umejaa chumbani, shuka chini, tambaa, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto usiufungue; ziba nafasi ya chini kwa kitambaa kilicholowa, nenda dirishani. Zimamoto ni 114. Usiwaambie tu "nyuma ya Soko Kuu". Taja mtaa, taja duka lililo kona, sema ghorofa ya ngapi na kama kuna watu ndani, kisha mtu mmoja akasimame barabarani awaelekeze. Gari la zimamoto ni pana. Uchochoro ukiwa umezibwa na meza na magari yaliyolala, litasimama mbali na ninyi litawaangalia.

Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo kunusa ukiwa umesimama hakutoshi. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Ukisikia harufu usiwashe taa, wala usiizime, maana hata kuzima kunatoa cheche. Funga mtungi, fungua milango, toka.

Na jiko la mkaa, mama zangu. Juni na Julai hapa kwetu chini ya Mlima Meru baridi ni kali, na mtu anaingiza jiko chumbani alale nalo likiwa limebaki makaa mekundu tu, halina moshi. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haimwamshi. Haiamshi! Asubuhi jirani anavunja mlango, anakuta wamelala wote. Jiko lisilale ndani, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Ongeza blanketi.

Nigusie simu, kwa haraka zaidi, maana mengi mnayajua. Anayepora kwa pikipiki anatoka nyuma yako, upande wa barabara. Tembea ukielekea magari yanayokuja, mkoba upande wa ukuta. Kwenye hiace, simu isikae mkono wa dirishani wakati gari limesimama kituoni. Ukitaka kusoma ujumbe, ingia dukani.

Lakini hasara kubwa huja baada ya simu kwenda. Mwizi anatoa laini yako, anaiweka kwenye simu nyingine, na namba za siri za benki zinamfuata yeye. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, weka PIN kwenye laini yenyewe. Iko kwenye mipangilio ya usalama ya simu, na ni tofauti na ile ya kufungulia kioo. Laini ikihamishwa itadai PIN, na akikosea mara tatu inajifunga. Piga pia *#06#, andika tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, kwenye daftari la nyumbani. Ukiporwa, azima simu yenye laini ya mtandao uleule, piga 100, funga laini na akaunti ya pesa. Kisha benki. Kisha ndugu zako, kwa sababu ndani ya saa moja mama atapata ujumbe kwa jina lako akiombwa hela ya hospitali. Ukimaliza hayo ndipo uende kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi, ukiwa na ile IMEI mkononi, halafu ukasajili laini upya kwa namba yako ya NIDA na alama za vidole. Wengi huanza na polisi, wakakaa foleni huku akaunti inakombwa. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, badala ya kuzifuta tu.

Sasa jambo zito, na nalisema nikiwa nawaangalia machoni.

Saa kumi jioni, pale sokoni, mtu anapiga kelele: "Mwizi!" Vijana watatu wanakimbia. Mmoja ndiye aliyeiba. Wa pili alikuwa anamfukuza. Wa tatu, mtoto wa miaka kumi na sita aliyetoka kununua daftari, alikimbia kwa sababu ameona watu wanakimbia. Nani anakamatwa? Anayechoka kwanza. Na anayeshika jiwe hajui hata kilichoibiwa ni nini.

Mtaa wa namna hiyo mnauita salama? Salama kwa nani? Kumpiga mtu mpaka afe ni kosa la mauaji, hata kama kweli alikuwa na simu yako mfukoni. Ulinzi shirikishi, hii ni kazi yenu: mkifika, mzungukeni mshukiwa, migongo yenu kwake na nyuso zenu kwa watu. Mmoja apigie polisi, 112. Mwingine amtafute aliyeibiwa, kwa sababu mara nyingi katika vurugu ile mwenye mali hayupo kabisa, na bila yeye hakuna kesi. Mpelekeni kituoni kwa bajaji, msisubiri watu waongezeke. Wafanyabiashara, mkisikia kelele hizo fungueni milango yenu. Aliye ndani ya duka hapigwi mawe.

Akiumia mtu, yeyote yule, hospitali kwanza. Ndugu mmoja afuate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni wakati mgonjwa anahudumiwa. Fomu hiyo hailipiwi. Aliyebakwa asioge, asifue zile nguo, aziweke kwenye mfuko wa karatasi, na afike hospitali ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi katika muda huo tu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kituoni aulize Dawati la Jinsia na Watoto. Asiende peke yake. Dada, mama, jirani, mtu mmoja awe naye mpaka mwisho.

Nimalizie na kazi ya wiki hii. Kila jengo lichague watu wawili, mmoja wa chini na mmoja wa juu, wawe na namba za simu za wote wanaolala mle. Mwenyekiti wa mtaa apewe nakala, pamoja na jina la mlinzi na saa zake za lindo. Jumamosi saa moja usiku tutakutana hapahapa tugawane mitaa, tuorodheshe kila taa iliyokufa na kila mtaro usio na mfuniko, kwa jina la duka lililo karibu, na Jumatatu asubuhi orodha iwe mezani kwa mtendaji wa kata. Njooni na tochi na viatu vya kufunika. Mafundi wa kuchomelea wako pale mlangoni. Wenye grili zilizochomelewa ukutani, andikisheni majina kabla hamjatoka.

Asanteni sana. Maswali yaanze na akina mama.